Mama Mkwe Hakuandikwa Kwenye Kishikwambi

Mkuu wa chuo ameniomba niandike kurasa chache kwa ajili yenu walimu vijana mnaobaki, juu ya namna ya kuwaandaa wanafunzi wa udaktari kwa hii dunia ya akili mnemba. Nilimwambia amekosea mlango. Simu yangu mimi ina kitufe cha kupokea na kitufe cha kukata, na hicho cha pili ndicho kimechakaa. Akasema, "Ndiyo maana tunakutaka wewe, Mzee." Mpaka leo sijajua kama lilikuwa tusi. Nimekubali kwa sababu kustaafu kunachosha kuliko kazi, na mke wangu amechoka kuniona nikiwapima kuku.

Kwa wasionifahamu, naitwa Bitariho, mtu wa Simbo, tabibu. Miaka thelathini na kitu nimefundisha wanafunzi kwa vitendo, wodini na kwenye vyumba vya wagonjwa wa nje, hapa hapa Kigoma. Waliniita Mzee Gusa, wakidhani sijui. Jina lenyewe nilijitakia, maana kutwa nilikuwa nikipiga kelele, "Gusa mgonjwa! Usimtazame kama televisheni, gusa!" Habari za vyeo sitaandika. Vilipita mbali nami na hatukusalimiana.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa koti jeupe ambalo dada yangu alilipiga pasi mpaka likawa linasimama lenyewe. Wakaingia watu wawili. Mmoja mzee mnene mwenye kofia, na nyuma yake kijana. Mzee akakaa kwenye kiti cha mgonjwa. Nikamwamkia, tukasalimiana vizuri, nikamuuliza maswali yote niliyofundishwa, naye akajibu bila kusita: kuhara tangu juzi, homa, chakula hakipiti. Nikamwambia avue shati. Akavua. Nikamsikiliza mapafu, nikamgonga mgongo, nikatazama ulimi, nikamminya tumbo mpaka akaguna. Nilishaandika karatasi mbili Bi. Tausi alipochungulia mlangoni.

Bi. Tausi alikuwa nesi mkuu, mzaliwa wa Ujiji, mfupi, na sauti yake ilikuwa inafika wodini kabla yake. Akaniuliza, "Daktari, na mgonjwa umempeleka wapi?"

Mgonjwa alikuwa yule kijana. Amejikunja chini ukutani, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Yule niliyempima ni baba yake mdogo. Alikaa kwenye kiti kwa sababu yeye ndiye mkubwa, na alivua shati kwa sababu daktari kasema. "Nilishangaa kidogo," akasema huku akifunga vifungo, "lakini nikajua labda ndiyo utaalamu wa siku hizi." Kijana akatundikiwa maji, akapona. Baba mdogo naye alirudi kwao Ilagala akisema kwamba amepimwa mwili mzima na hana tatizo.

Bi. Tausi hakunicheka mbele za watu, jambo ambalo namshukuru mpaka kesho. Alinivuta pembeni. "Mwanangu," akasema, "huku kwetu mgonjwa haji peke yake. Anakuja na ukoo. Kabla hujauliza kinachouma, jua kwanza nani yuko chumbani." Kisha akanionyesha benchi nje ya mlango. Alilichongesha mwenyewe kwa fundi wa Mwanga, la mbao nzito, refu, na akaliweka mahali ambapo mtu akikaa analiona ziwa lote, mitumbwi inavyoingia, nani kashuka na nani. Ndugu wa mgonjwa akishakaa pale hakuwa na haraka ya kurudi ndani. "Hiki ndicho kifaa cha kwanza," akasema Bi. Tausi. "Hilo dude la shingoni mwako ni cha pili."

Nilicheka. Nilikuwa kijana na stetoskopu mpya.

Baada ya hapo nilijifunza polepole, kwa kukosea. Nilijifunza kwamba binti akija na shangazi, anaumwa kichwa. Shangazi akienda kwenye benchi, kichwa kinapona na maneno mengine yanaanza. Kuna Papaa mmoja, wale wa asili ya Kongo, mfanyabiashara wa vitenge, aliletwa na wake zake wawili kwa pamoja. Mke mkubwa alisema ni presha. Mke mdogo alisema ni mgongo. Waliposhindwa kuelewana nikawapeleka wote kwenye benchi, nikafunga mlango, nikamuuliza mwenyewe. Papaa akashusha pumzi. "Daktari," akasema, "mimi sina ugonjwa. Naomba tu nikae hapa kidogo, pako kimya." Nikampima presha. Ilikuwa juu kweli, kwa hiyo mke mkubwa alishinda.

Bi. Tausi akastaafu, akafariki, benchi likabaki. Liliota ngozi ya kung'aa kwa makalio ya ukoo mzima wa mkoa huu. Kila kundi jipya la wanafunzi nililisimamisha mbele yake na kuwaambia maneno yale yale, nao wakaandika daftarini na kusahau.

Halafu vikaja vishikwambi.

Sina haja ya kuwaeleza ninyi vishikwambi ni nini, mnalala navyo. Hivi vyetu viliwekewa programu ya akili mnemba. Mwanafunzi anaandika dalili za mgonjwa, naye yule bwana aliyemo ndani anapanga magonjwa kwa foleni, linaloelekea zaidi mbele, lisiloelekea nyuma. Wanafunzi walimwita Profesa. Mtandao ukikatika walisema Profesa kaenda kula. Chuo kikaunda kamati ya kuandika mwongozo wa kufundishia, na mimi nikawekwa humo, nadhani ili kuwe na mtu wa kupinga. Nilipinga vizuri sana. Nilipinga rangi ya mifuko ya vishikwambi, nilipinga kuchaji wakati wa mafunzo, nilipinga neno lenyewe "akili". Injinia Deo, mtaalamu wa mitambo wa chuo, kijana mpole mwenye subira ya ajabu, alikuwa akiniandika kwenye kumbukumbu za kikao kama "Mjumbe hakuridhika".

Katika kikao kimoja Deo akaeleza kwamba anahitaji meza ya kuchajia karibu na chumba chetu, mahali ambapo mtandao unashika. Mtandao ulikuwa unashika sehemu moja tu, nje ya mlango, pale kwenye benchi. Akaniuliza kama benchi linaweza kupelekwa stoo. Mimi siku hiyo nilikuwa katikati ya kupinga jambo lingine, limenitoka hata ni lipi, nikamjibu kwa hasira, "Chukueni, chukueni kila kitu!" Wakalichukua. Siku ya pili kulikuwa na meza yenye nyaya, na ndugu wa wagonjwa wakawa wanaingia ndani na kukaa kwenye kiti cha pembeni, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kukaa. Sikuliona hilo. Nilikuwa nimevikasirikia vishikwambi mno kiasi cha kutokumbuka benchi.

Mwaka huo nilikuwa na mwanafunzi aitwaye Zuwena, binti wa Ujiji, mwaka wa mwisho. Kichwani yumo. Lakini macho yake yaliishi kwenye kioo cha kishikwambi, na kila nikisema gusa, yeye aligusa kioo. Mtihani wake wa vitendo ulikuwa Ijumaa, na mimi ndiye mtahini. Akifeli, anarudia mwaka mzima. Nilikuwa nimeshaandika kwenye kitabu changu cha alama, kwa penseli, "Hana mikono." Jumatano ya wiki hiyo hiyo nikatangaza darasani kwamba leo tunapimana nguvu, mimi na Profesa. Mgonjwa wa kwanza kuingia, Elisha, mmoja wao, ataandika dalili kwenye kishikwambi, mimi nitagusa, na tuone nani mwanaume. Zuwena hakuwepo. Kishikwambi chake kilikosa mtandao, akawa getini amekiinua juu kama anaanika nguo.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mvuvi kutoka Ilagala, jina lake Sadoki, mwanaume wa miaka thelathini na kitu mwenye mikono ya kuvuta nyavu. Amevaa kitenge kiunoni, ameinama, jasho linamtiririka. Nyuma yake mama mmoja wa haja, kilemba kikubwa, kikapu mkononi, akaamkia watu wote chumbani mmoja mmoja kisha akakaa kwenye kiti cha pembeni.

"Huyu ni mkwe wangu, daktari," akasema. "Binti yangu kajifungua juzi, mimi nimekuja kumlea. Leo alfajiri namsikia huyu anatapika, anatapika! Nimemwambia mwanaume usife mikononi mwangu watu wakasema ni mimi. Ni tumbo. Au siyo mkwe wangu?"

"Ndiyo mama," Sadoki akasema, akitazama sakafu. "Tumbo."

"Wapi?" nikamuuliza.

Akaweka kiganja hapa juu, chini kidogo ya kifua. Mama akaongeza kwamba jana usiku alikula samaki, mgebuka uliolala. Elisha akaandika yote: mvuvi, kutapika, maumivu ya juu ya tumbo, mgebuka. Profesa akafikiri kidogo, akapanga foleni yake: chakula kilichoharibika, vidonda vya tumbo, nyongo, kongosho. Mimi nikamlaza Sadoki, nikaanza kugusa. Tumbo lilikuwa limejaa. Nikaminya upande wa ini, akaguna. "Ini," nikasema, kwa ule uhakika anaokuwa nao mtu anayetazamwa na wanafunzi saba.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapotaka mnielewe. Mkono wangu ulishuka. Miaka yote hiyo nimefundisha kwamba tumbo halijapimwa mpaka umekagua kinena, pande zote mbili. Nimewafelisha watu kwa kusahau. Mkono ukafika kwenye fundo la kitenge. Sadoki akalishika lile fundo kwa mikono miwili. Mama mkwe pale pembeni akageuza uso kidogo, kwa adabu, akatazama kalenda ukutani. Na mkono wangu ukageuka ukarudi juu wenyewe, bila kuniuliza.

Mimi pia nina mama mkwe. Yuko Kasulu, na mpaka leo nikimwona anakuja njiani navuka upande wa pili na kuinama kufunga kamba za viatu, hata kama nimevaa ndala. Mtu huwezi kulegezwa kitenge mama mkwe wako akiwa hatua mbili. Wala huwezi kumlegeza mwenzio. Hili hakuna aliyenifundisha chuoni, nililikuta mwilini.

Basi tukabishana, mimi na kishikwambi, Elisha akiwa mkalimani. Nasema ini, Profesa anasema mgebuka. Nauliza macho yakoje, Profesa anaomba kipimo cha nyongo. Wanafunzi wanachekelea. Muda unakwenda, na mtu kalala pale anauma meno.

Zuwena akaingia. Akatazama kitandani, akatazama kiti cha pembeni, akaja kuninong'oneza. "Mwalimu, huyu nilimwona akishuka kwenye bajaji. Anatembea ameachanisha miguu. Alikuwa amejishika huku chini kabisa, siyo tumboni. Mama alipoteremka, ndipo akahamisha mkono juu."

Nilijua palepale. Lakini mama mkwe humfukuzi chumbani mbele ya mkwe wake, ni kumvunjia heshima, na Sadoki angeinuka akaondoka naye. Zuwena akaninyooshea kidole nisubiri, akamwendea mama, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, mzuri wewe!"

"Mama, hiki kishikwambi kinataka picha ya ndugu wa mgonjwa. Lakini humu mwanga mbaya, utatoka mweusi. Twende nje, upande wa ziwani."

Mama alisimama kabla sentensi haijaisha. Wakatoka. Tukamsikia nje akiomba arekebishe kilemba kwanza. Nikafunga mlango, nikawatoa na wanafunzi wa kike, tukabaki wanaume.

Sadoki akanitazama kwa mara ya kwanza. "Mzee," akasema, na machozi yakamtoka, "si tumbo."

Akafungua kitenge. Ilikuwa ngiri, upande wa kulia, imebana, imevimba, ngumu, na ngozi imeanza kubadilika rangi. Alikuwa nayo tangu mwaka juzi, ya kusukuma mitumbwi. Kila ikitoka alikuwa anairudisha mwenyewe kwa mkono. Alfajiri ile ikagoma. Utumbo ulikuwa umenaswa mle ndani na unakosa damu, na ukishakufa huo, mwenyewe naye hachelewi.

"Kwa nini hukusema, bwana?"

"Ningesemaje, Mzee? Mama yuko pale."

Tulimkimbiza chumba cha upasuaji sisi wenyewe, tukisukuma kitanda. Huko nje mama alikuwa anaomba picha irudiwe kwa sababu kilemba kimepinda. Daktari wa upasuaji alituambia baadaye kwamba utumbo ulikuwa mweusi, na ulipoachiwa ukakaa, ukakaa, kisha rangi ikaanza kurudi. Sadoki alipona, akarudi Ilagala kwa mtoto wake mchanga. Lakini yule daktari aliniuliza, "Mlikuwa mnafanya nini kule muda wote huo?" Nikamjibu ukweli, kwamba nilikuwa nashindana na kishikwambi. Akacheka, akadhani natania.

Mimi sikucheka. Nilikwenda stoo, nikalikuta benchi la Bi. Tausi limeegemezwa ukutani, limewekewa makopo ya rangi juu yake. Nikatoa makopo, nikakaa. Niliona aibu, jamani. Mzee Gusa aligusa kila mahali isipokuwa mahali penyewe. Profesa angalau alikuwa na udhuru, hakuambiwa. Mimi nilikuwa na macho, na nilikuwa nimemtazama yule mama usoni.

Kesho yake Elisha akanifanyia ushenzi. Aliandika upya dalili zote za Sadoki kwenye kishikwambi, neno kwa neno, mgebuka na yote, kisha akaongeza mstari mmoja: mama mkwe wa mgonjwa amekaa chumbani. Profesa akajibu kwamba mgonjwa aonwe faragha kwanza, na kwamba kwa mvuvi mwenye kutapika na maumivu ya tumbo, kinena kikaguliwe bila kuchelewa. Sikusema na Profesa wiki nzima.

Ijumaa Zuwena akaja kwenye mtihani na hofu, maana alijua namwonaje. Nikamuuliza, "Juzi ulijuaje kumtazama mtu akiwa bado getini?"

Akainamisha kichwa. "Nilikuwa natafuta mtandao, Mwalimu."

Nikachukua kifutio, nikafuta ile penseli, nikaandika kwa wino: "Ana macho. Mikono itafuata." Akagusa mgonjwa wake wa mtihani vizuri kabisa, mpaka kwenye vidole vya miguu. Nadhani aligusa kupita kiasi, lakini nikanyamaza.

Kwenye kamati niliwashangaza. Nilisema sina pingamizi na kishikwambi chochote, cha rangi yoyote. Naomba mambo mawili tu. La kwanza, pale juu kabisa, kabla ya dalili, Deo aweke swali ambalo mwanafunzi akiliruka programu haiendelei: Nani yuko chumbani? La pili, benchi langu lirudishwe. Deo akalalamika kuhusu nyaya, kisha akahamisha meza yake. Kwenye kumbukumbu akaandika "Mjumbe ameridhika", na nasikia nakala hiyo waliibandika ofisini. Kwa hiyo mkiniuliza mwandae vipi wanafunzi, ninalo hilo tu. Wafundisheni kumwuliza Profesa, anajua mengi na hachoki. Lakini wafundisheni kwamba anakula anacholishwa, na anayemlisha ni mtu aliyemo chumbani, mwenye macho, mwenye adabu zake na mwenye mama mkwe. Nilidhani nikishaandika hivyo nimemaliza.

Kumbe bado. Tangu nistaafu nimekuwa na jambo la kiume ambalo sikumwambia mtu. Mke wangu akiuliza mbona naamka kila saa usiku, nasema mgongo. Mwezi uliopita ikabidi niende hospitali, na kwa kuwa mwanangu alikuwa safarini nikasindikizwa na mke wake, Rehema, binti mwenye heshima sana, amenibebea mpaka kofia. Mapokezi nikaulizwa tatizo. Rehema yupo begani kwangu. Nikasema, "Mgongo."

Daktari wa zamu alikuwa Zuwena. Akasimama, akaniamkia mbele ya watu wote, "Shikamoo Mwalimu," nikaitikia, tukaulizana habari za nyumbani, za kuku, za Simbo. Rehema akakaa kwenye kiti cha pembeni na kofia yangu mapajani. Zuwena akafungua kishikwambi, akasoma swali la kwanza. Lilikuwa swali langu. Akamgeukia mkwe wangu.

"Dada, pale nje kuna benchi zuri, unaona ziwa lote. Hebu kamsubiri Mzee pale."

Rehema akatoka. Mlango ukafungwa. Nikasikia mbao za Bi. Tausi zikilia kidogo mtu alipokaa. Zuwena akakigeuza kishikwambi, akakilaza kifudifudi mezani, akavuta kiti karibu.

"Haya Mwalimu. Mgongo?"

"Mgongo," nikasema.

Hakuandika kitu. Alikaa tu, mikono magotini, ananisubiri, kama nilivyomfundisha mimi mwenyewe. Nikatazama kalenda ukutani. Nikatazama ndala zangu.

"Si mgongo, mwanangu," nikasema.

"Najua, Mwalimu. Nilikuwa nimesimama dirishani ulipoingia getini. Uliuliza choo kabla ya kuuliza daktari."